Tumbo Lililonyamaza

Kwetu Kanja, mtu asiyekula, asiyelala, anayeshinda kitini akiukodolea ukuta macho, hapelekwi kwa daktari. Anapekuliwa mifuko, watu waone kama ameanza kutafuna muguka, yale majani ya kulevya.

Ndiyo maana likizo ile ya Agosti, nilipotoka Dallas, mtaa ninaoishi pale Embu mjini, nikaja kwa mama na kukiacha chakula chake sahanini siku mbili mfululizo, alingoja niende kuoga akafungua mkoba wangu. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, mwimbaji wa kwaya. Alitafuta majani, akapata vidonge.

“Hii ni dawa ya nini?”

“Ya huzuni, mama. Daktari aliniandikia.”

Alikigeuza kipakiti mara mbili. “Afadhali ingekuwa muguka. Hiyo nimeona watu wakiacha.”

Nilijaribu kumweleza. Sikuwa na maumivu popote, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Mwili wangu ulikuwa umeacha kuniletea habari. Shuleni nilikula kwa sababu kengele ya chakula imelia. Jumamosi, bila kengele, ningefika jioni sijatia kitu kinywani wala sijui. Daktari alisema huzuni ya namna yangu huweza kuzima sauti za mwili, na kwamba dawa huchukua majuma kadhaa. Alinionya kwamba huenda tumbo likanichafuka mwanzoni, na nisiache kumeza bila kumwambia.

Alisema kweli kuhusu tumbo. Siku za kwanza nilisikia kichefuchefu, moyo nao ukanipiga hadi masikioni. Nilitaka mwili useme, lakini si kwa kelele hizo. Asubuhi ya tano mama alinikuta njiani kuelekea choo cha shimo, kipakiti mkononi, nikiogopa kwamba dawa itaniua kabla huzuni haijapata nafasi.

“Rudi,” alisema. Mama hatupi hata kamba iliyokatika. “Kitu ya hospitali haitupwi. Kunywa na uji, halafu upigie huyo daktari.”

Nilipiga. Daktari akasema niendelee, nimeze baada ya kula.

Kuanzia hapo mama alijiteua kuwa tumbo langu. “Saa hii uko na njaa, kaa hapa.” “Saa hii umeshiba, lakini maliza.” Siku moja, mbele ya wageni wa kanisa, aliniambia nahitaji kwenda chooni. Niliona aibu, nikaenda, na kumbe alikuwa sahihi. Jambo hilo liliniudhi kuliko ugonjwa.

Sijui kilichonirudisha ni dawa, ni siku kupita, ama ni huyo tumbo mwenye leso kichwani. Ninachojua ni kwamba juma la nne tulikuwa tukichuma majani chai, ukungu umeshuka, nikasikia vidole vikiuma kwa baridi. Halafu kitu kikajikunja chini ya mbavu, kikanguruma. Nilisimama kimya, nikiogopa kukitisha.

“Mama, nina njaa.”

“Bado saa. Maliza mstari,” alijibu bila kugeuka, kama alivyonijibu tangu utotoni.

Kisha mikono yake ikasimama juu ya mchai. Alinigeukia. Akakitua kikapu chake palepale, kimejaa hadi ukingoni, akatangulia kushuka nyumbani, na mimi nyuma yake nikilia wazi kwa furaha.

Alinipakulia mukimo, nikala, na ladha ya ndizi na viazi ikanifikia. Nilipokuwa bado nakula, lori la kubeba majani likapiga honi barabarani. Majani yasiyofika kwa lori hunyauka na kukataliwa, na mama hajawahi kulikosa, hata siku aliyomzika baba. Alilisikia likisimama, akalisikia likiondoka.

“Ongeza,” alisema, akaivuta sahani yangu karibu na sufuria.