Wanaogesha Moshi

Mama mkwe wangu aliugua pumu huko milimani Ileje, tukamleta Tunduma awe karibu na hospitali. Kumbe tumemleta mlangoni kwa tanuru! Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, malori yakishusha mabaki ya magari kutwa.

Mume wangu alifanya kazi pale, ndiye aliyenielewesha. Moshi ulipitishwa kwanza kwenye mnara unaonyunyiza maji, vumbi laini likanaswa na kushuka kama tope. Kilichotoka juu kilikuwa mvuke, wingu zito jeupe.

Majirani waliona wingu, wakaona na maji yanayotumika. Nasi Tunduma tulikuwa tunagombania ndoo tangu alfajiri!

"Sisi hatuna ya kunywa, wao wanaogesha moshi!" alifoka jirani yangu, muuza vitumbua.

Wakamwendea mwenyekiti wa mtaa, akambana meneja wa kiwanda, maji ya mnara yakafungwa. Wingu likatoweka, ila vumbi laini lisiloonekana sasa lilitoka bila kunaswa. Watu wakashangilia anga safi, na mama akaanza kulala ameketi, kifua kikimlia. Nilipolalamika walinicheka: moshi gani, mbona hauonekani? Ebo! Niliumia, jamani. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumwambia.

Siku ya kikao cha mtaa nilikuwa nimeanika mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, ya kusaga sembe. Kuyageuza, chini meupe, juu yana vumbi la kijivu. Mimi mdomo wangu hauna breki. Niliburuta mkeka mzima hadi kikaoni, nikautua mbele ya meneja na mwenyekiti.

"Haya, karibuni mle! Mama yangu anavuta vumbi hili usiku kucha."

Muuza vitumbua alichukua punje, akaisugua kwa kidole, akatazama kidole chake. Mume wangu ndiye aliyesimama, akapendekeza lichimbwe shimo, tope lituame, maji yaleyale yapandishwe tena kwa pampu. Meneja aliguna, lakini shimo lilichimbwa.

Wingu likarudi. Wageni wakipita walitusikitikia, maskini, mnaishi kwenye moshi! Tuliwaacha waseme.

Mama macho yalikuwa yameshafifia, haoni hata mnara. Kila asubuhi aliniita kutoka kitandani.

"Mwanangu, wingu lipo?"

"Lipo, mama. Zito kabisa."

"Basi nifungulie dirisha."