Wagonjwa Warembo wa Kwenye Deki

Sisi tuliokulia Mji wa Kale enzi za deki za video tulijua mapema jinsi mwanamke mwenye mapenzi anavyougua. Ijumaa jioni tulijazana mkekani kwa Bi Zuhura, jirani yetu, tukitafuna kachri za viazi, tukitazama filamu za Kihindi. Msichana alikohoa mara mbili kwenye leso nyeupe, wanja haukuvuja, na mchumba akamwimbia mpaka roho ikatoka. Ukumbi mzima kilio, kina mama kwa watoto! Nilimwambia mama natamani kuugua vile. Alinitandika kofi. "Mdomo huumba, mwana we! Omba afya!"

Binamu yangu Rukia alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaochoma mifupa. Alipoolewa na Swaleh, mshona kanzu, nilijua filamu imekuja kwetu. Basi maumivu yalipomshika na mama akanituma kumpelekea uji, nilichuma na asumini za kumtia nywelani.

Nilimkuta sakafuni, ameuma leso yake ya kanga, anagaagaa. Alikuwa ametapika. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile, asumini zilinidondoka.

"Toka! Usiniangalie!" alimpigia mumewe kelele.

"Sitoki. Nitukane utakavyo," akajibu Swaleh, kapiga magoti anafuta matapishi. Kisha akanigeukia. "Mbona wasimama? Njoo umkande miguu. Polepole."

Nilimkanda. Hakuna aliyeimba. Na kilichonishangaza zaidi, Rukia hakufa! Baada ya siku chache alikuwa harusini, anapiga vigelegele. Kisha maumivu yakarudi. Yakaondoka, yakarudi tena, miaka nenda miaka rudi, na Swaleh yupo, mara mpole, mara kachoka na kununa.

Juzi nilimkuta binti yangu kajifunika shuka, anatazama filamu kwenye simu yake, machozi tele.

"Mama, kafa vizuri huyu!"

Kufa vizuri? Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu, ila hata kulia wanalia peke yao, nyaya masikioni.

Nikataka kumcheka, nikashindwa. Sisi tulidanganywa vilevile, lakini mlango wa Rukia ulikuwa wazi, ng'ambo ya kichochoro. Hapa kwenye gorofa za Buxton tunakoishi sasa kila mlango umefungwa. Nasikia jirani wa juu anaugua mwaka wa pili sasa, na hata jina lake silijui.