Mzambarau wa Mkaza Mwana

Mkaza mwana wangu alirudi kutoka likizo kwao Lushoto akiwa na mtoto mgongoni, begi begani, na mkononi mche uliofungwa kwa gunia lililoloweshwa maji. Bahari kutoka Nyamisati mpaka huku kisiwani kwetu ilikuwa imechafuka, mtoto katapika, mama katapika, begi limelowa chapachapa, lakini mche haukupukutika hata jani. Kabla sijaitikia vizuri shikamoo yake nikamwuliza hicho nini tena. Akasema ni mplamu.

Mimi plamu sikupata kuila maishani. Akanieleza kwamba ni tunda la duara, ngozi nyororo, rangi ya damu ya mzee, ndani tamu na uchachu kidogo, na kwamba huko kwao kila nyumba ina mti wake. Nikasema moyoni, basi hiyo ni zambarau iliyovaa sweta. Lakini nilinyamaza, maana binti alikuwa na furaha, na mimi nampenda akiwa na furaha. Ni mwalimu, ana sauti ndogo, na alipoletwa kwangu na mwanangu nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikashindwa ndani ya wiki ya kwanza.

Akanionyesha kwa kidole mahali alipopachagua: nyuma ya jiko, karibu na kisima, kivuli cha asubuhi. Alichagua vizuri, sitaki kusema uongo. Nami nikakataa.

Hapa kwetu Kiegeani ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Uani kwangu imesimama minazi mitatu ambayo si yangu, ni ya mtoto wa ami yangu, baba yake ndiye aliyeipanda. Bwana yule huingia na panga lake bila hodi, hata nikiwa na kanga moja kifuani, akaangua nazi zake, akaenda zake. Nikigomba hunijibu kwamba mwenye mti haombi njia. Na ni kweli, ndiyo maana inaniudhi. Kwa hiyo mtu aliyekuja, hata umpende namna gani, utampa pa kulima muhogo na kunde, vitu vya kung'oka. Mti wa kudumu hapana. Aliyepanda mti ameshapanda na neno lake, na kiwanja hiki ni cha marehemu baba yangu, tumekirithi mimi na kaka yangu. Hata mwanangu mwenyewe hana ruhusa ya kugawa hapa.

"Panda kwenye ndoo, mwanangu," nikamwambia.

Akasema sawa mama. Hakununa, na hilo ndilo lililoniuma. Akatafuta ndoo ya rangi iliyokwisha, akaitoboa chini, akajaza udongo na samadi, akauweka mplamu wake mlangoni. Asubuhi aliumwagilia kabla ya kwenda shule. Jua la hapa likaukausha majani pembeni, ukachipua tena, ukakaushwa tena. Haukufa wala haukukua. Mimi kila nikipita naiona ile ndoo na kishikio chake, na badala ya mti naona mzigo. Kitu cha kunyanyua mtu akaenda nacho.

Hofu yangu ilikuwa hiyo na haikuwa nyingine. Mwanangu ni mmoja tu. Baba yake amekwenda mbele ya haki, dada zangu wako Dar es Salaam na hawarudi ila msiba. Nyumba yangu ilikuwa na sauti kwa ajili ya watu watatu tu, mwanangu, mkewe na mtoto wao, na nilijua walimu wa bara hawakai. Huja, hufundisha, huomba uhamisho, tunawasindikiza bandarini na samaki wa kukausha.

Siku aliyoniambia nilikuwa nafunga mwani kwenye kamba. Akaja akachuchumaa karibu yangu, akachukua kamba na yeye, akafunga vifundo viwili vitatu vibaya.

"Mama, uhamisho umetoka."

Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja haunyanyuki, na yeye ndiye mwanawe wa pekee. Sasa utamlaumu nani hapo? Ningekuwa mimi niliyelala vile, ningetaka mwanangu aje. Nikamwambia Mungu amponye mama yako, na hilo lilitoka moyoni. Kisha nikamwambia vifundo vyako vinalegea, fungua ufunge upya, na hilo lilitoka kwenye hasira. Siku zile niligombana na kuku, na paka, na mtoto wa ami yangu mara mbili.

Hasira ilipotulia nikaanza kufikiri. Nilimnyima mti kwa sababu mti humpa mtu haki ya kuingia. Sasa anaondoka, na mimi ninachotaka duniani ni huyu mtu awe na haki ya kuingia. Lo! Mtu mzima ovyo. Nikajitanda mtandio nikaenda kwa kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ndiye msemaji wa ardhi yetu, na huwa hana haraka. Nilimweleza yote. Akauliza kama mplamu unazaa huku kwenye joto, nikasema kwa ninavyouona, hauzai. Akasema basi nimpe mti unaojua kuishi hapa, nimpe mzambarau. Halafu akanitazama sana.

"Unajua unachokifanya? Siku ukifa, mti huo una mwenyewe."

"Ndicho ninachokitaka, kaka."

Akacheka, akasema atakuja Ijumaa baada ya swala, na shahidi atamleta yeye.

Ilikuwa msimu wa zambarau, kwa hiyo nilimchukua mkaza mwana wangu tukachague. Zambarau huchaguliwa kwa ulimi. Tulianza kwenye mti wa nyuma ya madrasa: tunda kubwa, lakini kokwa nayo kubwa, nyama kama imepakwa tu. Mti wa pili ulikuwa na ukakasi uliotukunja nyuso mpaka mtoto akatucheka. Wa tatu uko shambani kwa kaka yangu, mti mkongwe, mchafu wa mchwa, haupendezi hata kidogo. Tunda lake dogo, lakini tamu la kukufanya ufumbe macho. Tukala pale chini, tukasahau tulichojia. Alipotoa ulimi ulikuwa mweusi, nikamtolea wangu, tukacheka kama watu wasio na adabu, mtu na mkwewe. Chini ya mti ilijiotea miche mingi. Akachagua mmoja mfupi wenye shina nene. Nikamwambia umechagua kama mwenyeji.

Ijumaa kaka yangu akaja, na shahidi aliyemleta ni nani kama si bwana wa nazi. Tukachimba nyuma ya jiko, pale pale binti alipopaonyesha kwa kidole. Udongo wa juu ukachanganywa na samadi, mche ukashushwa na bonge lake la udongo, Bismillahi, tukaukinga jua kwa kuti. Binti mwenyewe ndiye aliyefukia kwa mikono yake. Kaka yangu akasema mbele ya watu kwamba mti ule ni wa yule binti, na njia ya kuuendea ni yake. Mtoto wa ami yangu akasema, karibu chamani, ukija usibishe hodi, bibi huyu hupenda kugomba. Binti alikuwa ameinama anasawazisha udongo ambao ulishasawazika zamani. Hakutaka tumwone uso.

Wakaondoka. Ndoo ya mplamu ilikwenda nao, mwanangu kaishika kishikio.

Ugonjwa wa mama yake ulikuwa mrefu. Mwanangu alikuja mara moja moja, peke yake. Mimi nilimwagilia, nikampigia mkewe simu: mti wako umenipita kiuno, mti wako umenipita kichwa. Miaka ikaenda. Ulipochanua mara ya kwanza niliwafukuza watoto wa jirani kwa fagio. Yeye kwenye simu akawa ananiambia, kula tu, mama. Nikamwambia siwezi, wa kwanza kuchuma ni mwenyewe. Zikaiva, zikaanguka, zikatia madoa sakafu ya jiko langu, na mimi nikafagia bila kuonja hata moja. Inda, kaka yangu akasema. Haya, inda.

Msimu huu nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele. Mlango wa ua ukasukumwa, hakuna hodi wala salamu, nikafungua kinywa kumtukana mtoto wa ami yangu. Aliyeingia alikuwa mkaza mwana wangu, na nyuma yake yule mtoto wa mgongoni, sasa msichana mrefu, nusura nisimjue. Akaitua ile ndoo ya rangi mbele yangu, imejaa plamu, akanipita moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, nikasikia tawi linainamishwa.

Sikumwita. Niliendelea kuchambua mchele, ingawa nilikuwa sioni tena lipi jiwe na upi mchele.