Majiko Mawili ya Mchafukoge

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu hakunipa meza. Alinichukua kwa miguu hadi ghorofa moja ya Mchafukoge, akabisha hodi kwa mpangaji, akaniagiza nihesabu majiko. Vitanda visinishughulishe, alisema, kwa kuwa ndugu hulala hata sebuleni. Penye majiko mawili huenda pana kaya mbili, yaani mpangaji amempangisha mtu mwingine kinyemela, jambo ambalo mkataba ulilikataza.

"Ila ukishahesabu usiteremke, kijana," aliongeza. "Ngoja uone wanakula pamoja au mbalimbali. Hapo ndipo utajua."

Ndivyo nilivyokagua nyumba za umma, kwanza Ilala, kisha Buguruni, kisha katikati ya jiji. Naandika kwa sababu inasimuliwa kwamba mimi ndiye niliyemtoa Mama Kokila katika nyumba yake. Si kweli, na sikubali iendelee kusemwa.

Wakati huo biashara ilikuwa imeachiwa huru. Bidhaa zilijaa Kariakoo hadi barazani, na kila chumba kilicho karibu na soko kilitafutwa kiwe stoo. Ofisi yetu ilipokea binti kutoka Ufini, Anneli, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja kufanya kazi nasi katika kiangazi cha kwao, ambacho kwetu ni kipupwe. Meneja wa ofisi alinisimamisha ukumbini.

"Hoteli ni ghali. Mtafutie familia tulivu akae nayo."

Nilimpeleka kwa Mama Kokila, mpangaji wetu wa Mchafukoge, mjane wa Kihindu ambaye watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo. Mama alimwonyesha chumba, ndoo ya maji ya akiba na mahali pa kuvulia viatu. Kisha akamsimamisha kwenye mlango wa jiko.

"Humu ndani nyama haiingii, binti. Samaki haingii. Yai pia."

"Nikitaka samaki, mama?"

"Roshani ile pale. Nunua jiko lako, sufuria yako, upike huko. Ukimaliza, oga, njoo tule."

Anneli alinunua jiko la mafuta ya taa kwa Mangi, Mchaga kijana mwenye duka chini ya ghorofa. Alikuwa amefundishwa kuamkia, basi akamwamkia kila mtu. "Shikamoo," alimwambia Mangi, ambaye hakuwa amefika hata miaka thelathini.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Mangi, na wachukuzi wakacheka. "Hilo jiko usiliongezee mafuta likiwaka. Utatuunguza sote, na babu yako bado hajaoa."

Anneli alipika samaki mara chache tu. Nilipopita kuwajulia hali niliwakuta mkekani, mama akimfundisha kukata chapati kwa mkono mmoja.

Baadaye mfanyabiashara mmoja wa jumla alianza kuonekana ofisini, akiiulizia nyumba ile. Haikupita muda, Meneja akaniita.

"Nenda kwa yule mjane, ukahesabu majiko."

Nilikwenda, nikahesabu, nikangoja waketi kula. Niliandika kwamba majiko ni mawili, la pili likiwa la samaki kwa sababu ya dini ya mpangaji. Kwamba binti ni mgeni wa ofisi. Na kwamba wote wawili wanakula pamoja. Meneja alisoma mstari wa kwanza.

"Nilikuomba idadi. Hizi hadithi za samaki za nini?"

"Mzee, binti huyu nilimpeleka mimi, kwa amri yako."

"Amri hiyo unayo kwa maandishi?"

Sikuwa nayo. Ilitolewa kwa mdomo, ukumbini, na aliyeitoa alikuwa ananitazama usoni bila kupepesa.

Anneli aliposikia, alilirudisha jiko kwa Mangi, akaja ofisini na kusimama mbele ya Meneja. "Shikamoo. Jiko sasa ni moja. Nimerudisha."

"Limekwisha kuhesabiwa," alijibu Meneja.

Nilikataa kutia saini notisi ya kuhama. Akasaini mwingine, nami nikarudishwa Buguruni. Kabla sijaripoti huko nilikwenda kumuaga Mama Kokila, aliyekuwa anahamia kwa dada yake. Vyombo vilikuwa vimekwisha kuteremshwa, na Anneli alikuwa anafagia roshani. Mama alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya jiko ambalo kesho yake lingejazwa marobota ya yule mfanyabiashara.

"Bwana Mkaguzi, uliandika mawili?"

"Mawili, mama. Na sababu yake."

"Basi sababu wameiacha." Akakamua kitambaa. "Pita pembeni, hapo bado hapajakauka."

Nimestaafu nikiwa na hasira ya jambo hilo, na sioni haya kuisema. Wanaoingia kazi hii leo wanafundishwa kuhesabu, na kuhesabu si vigumu. Nawasihi wasiteremke kabla chakula hakijapakuliwa.

Kwangu Ilala sasa kuna majiko mawili. Daktari amenikataza chumvi na mafuta, hivyo mke wangu hunipikia changu kwenye la mkaa, chake kwenye la gesi. Kwa kipimo cha Meneja, mmoja wetu ni mpangaji wa kinyemela. Adhuhuri inapofika, mke wangu huleta masufuria yote mawili, akayaweka kwenye meza moja, akaketi.