Kamti ka Bluff

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kulima hakuna wa kunifundisha. Nilifika Durban miaka ile ya mwisho ya tisini, nimeshapita hamsini, na kulinda magari ya watu sikutaka. Nikatafuta udongo. Bibi mmoja wa wale Wazanzibari wenyeji wa mlima wa Bluff, kizee mwenye ulimi mkali, akanipa kipande nyuma ya nyumba yake, juu ya bahari. Nilitaka kupanda mihogo, nipate sombe, yale majani yake, ya kuwauzia Wakongomani wenzangu wa mtaa wa Umbilo.

"Lima," akaniambia, "ila kale kamti kaache."

Kamti kenyewe kalinifikia kiunoni. Kamejikunja kama mtu anayesikia baridi, majani madogo, magumu, yenye meno pembeni. Nikacheka.

"Bibi, haka hata makala ya kupikia hakatoi."

"Nilipokuwa msichana miti hii ilijaa mlima wote. Nyumba zimeimaliza. Sasa naujua huo mmoja tu. Ukifa, na wewe unaondoka."

Nikachoma nyasi saa sita mchana, kama tunavyofanya kwetu kabla ya mvua. Kwanza nililima duara kuzunguka kamti. Mimi si mjinga. Lakini kwetu bondeni saa sita upepo umelala. Bluff, saa sita ndipo bahari inaamka. Moto uliruka duara langu kama mbuzi anavyoruka mfereji. Kilibaki kijiti cheusi. Kosa langu, simsingizii mtu.

Bibi hakupiga kelele. "Haya, mkulima. Nakupa mpaka mvua ziishe."

Nikapanda mihogo, na kila asubuhi nikakibebea kijiti ndoo ya maji. Siku moja akanikuta.

"Unaumwagilia? Huo haujawahi kumwomba mtu maji."

Mvua zikaja. Mihogo yangu ikachipua vizuri, kijiti kikabaki kijiti. Mke wangu akaanza kuuliza tutalima wapi. Halafu asubuhi moja nikaona vichipukizi vyekundu, si kwenye kisiki, bali katikati ya matuta yangu, hatua nne, hatua tano mbali. Nikafukua kidogo kwa vidole. Mzizi mnene kama mkono wangu ulikuwa umepita chini ya shamba zima. Kumbe kale nilikokacheka kalikuwa kichwa tu. Mti wenyewe ulikuwa chini, na moto haukuujua. Nimeona watu wagumu maishani. Ugumu wa namna ile, usio na kelele, sijauona kwa mtu.

Nikaanza kung'oa mihogo.

"Eish, baba watoto! Unang'oa chakula unaacha kuni?" mke wangu akashangaa.

"Mihogo nitapanda tena. Huu nani ataupanda?"

Nilitoa matuta mawili na nusu. Bibi akaja na fimbo yake, akainama kwa shida, akagusa chipukizi moja baada ya jingine.

"Saba," akasema. Akayatazama matuta yaliyobaki. "Hapo lima. Na moto nisiuone tena mkononi mwako."