Samoni wa Kilindi cha Kinu

Wattie Geddes alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka wageni wakamchoka: samaki hatolewi majini. Umnase, umvute, umchomoe ndoana humohumo mtoni, umwache aende zake. Daktari mmoja wa Edinburgh aliwahi kumnyanyua samoni juu kama mtoto wa ubatizo ili apigwe picha, Wattie akamfokea mbele ya mke wa daktari huyo. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwaongoza wavuvi wa msimu kwenye mto Garvan. Baba yake aliifanya kabla yake, ila baba yake alikuwa na samaki, naye Wattie siku hizi alikuwa akiwaonyesha watu maji matupu.

Mwaka ule hakunaswa hata samoni mmoja kwenye sehemu yake. Wageni walipungua, na wale waliobaki walimtazama kwa huruma iliyomkera kuliko matusi. Mkewe, Netta, alimwambia wazi, "Wameisha, Wattie. Kubali tu." Wattie akamnunia kutwa nzima. Alichotaka ni kumwona mmoja, basi, ajue kwamba mto bado uko hai na kwamba umri wake wote haukupotea bure.

Siku ya mwisho ya msimu, Oktoba ikiishia, akaja Bi Honor Rennie, mjane mkongwe mwenye ulimi mkali, aliyevua pale tangu usichana wake.

"Mbona umevaa uso wa matanga? Nimekufa mimi?"

"Bado, mama. Siku hiyo nitacheka."

"Mshenzi wewe. Lete wiski."

Waliingia majini kwenye Kilindi cha Kinu, maji yakiwafika mapajani. Bi Honor akarusha mshipi, na kile chambo chake cha manyoya ya rangi ya chungwa kikateleza na mkondo kama mdudu aliyelewa. Akarusha tena, akarusha tena. Mara mshipi ukasimama.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ukivuta papo hapo, ndoana inamtoka samoni mdomoni kabla hajageuka nayo. Kwa hiyo watu wa mito ile hufundishana kumwombea mfalme dua fupi kwanza, mpaka mwisho, ndipo wainue fimbo ya kuvulia.

"Usivute!" Wattie akapaza sauti. "Sema maneno, mama!"

"Mungu... amlinde... Malkia," bibi akasema bila haraka, akainua. Fimbo ikapinda.

"Mfalme, mama! Malkia alishafariki!"

"Samaki wangu hana habari hizo. Nyamaza!"

Walihangaika naye mpaka bibi akaishiwa pumzi. Samaki alipoletwa karibu na ukingo, Wattie aliona ni jike, mwekundu kama shaba, tumbo limejaa mayai. Akamchomoa ndoana. Kilichobaki ni kufungua viganja tu, na viganja vilikataa. Alimnyanyua, akamkumbatia kifuani, akimtazama jicho lile la duara, machozi yakimtiririka.

"Wattie! Mrudishe majini!"

Hakusikia. Samaki akajipinda kwa nguvu, akamponyoka, akaangukia mawe ya ukingoni kichwa kikitangulia.

Alimrudisha upesi, akamshika akiwa ameelekea mkondo, ili maji yampite mashavuni apumue. Damu ikatoka, ikafifia. Alipomwachia, samaki aligeuka tumbo juu. Akamshika tena, akamwachia tena, akageuka vilevile.

"Nimemuua," alisema. "Mmoja tu, na nimemuua mimi."

Bi Honor akamsogelea. Akamwekea mkono begani. "Mwache aende, mwanangu. Sheria haituruhusu kumchukua, hata akiwa mfu."

Wattie akamsukuma taratibu. Tumbo lilipominywa, mayai yakamwagika, mekundu, manono kama njegere, yakabingirika kati ya mawe. Wattie akapiga magoti majini, akayakinga kwa mikono miwili, nayo yakapenya vidoleni.

"Yaache, Wattie. Bila dume hayawi kitu."

"Huenda dume lipo, mama."

"Lipo wapi?"

Wattie alivua kofia, akaichotea maji, akaanza kuyaokota yai moja moja kwa vidole vilivyokufa ganzi, wala hakujua atayapeleka wapi.