Nyota Isiyosogea ya Fundi Suruali

Kisa hiki fundi suruali hukisimulia mwenyewe, kwa kuogopa wengine wasije wakakitia chumvi zaidi.

Alikuwa akiringia jicho lake. Mteja hajamaliza hata kusalimia, fundi keshamtajia kiuno chake. Basi mwalimu wa sayansi alipowaagiza wanafunzi wajifunze kupima anga pamoja na wazazi wao, binti yake hakuhofia kukosa msaidizi. Alihofia namna ya kumnyamazisha.

Kifaa walikitengenezea kwenye meza ya kukatia nguo: kipimapembe cha plastiki, mrija wa soda ukingoni, na uzi uliofungwa nati. Mmoja anachungulia nyota kwenye mrija, mwenzake anasoma uzi umeangukia nyuzi ngapi.

"Nyuzi?" fundi akachekelea. "Mwanangu, nyuzi ndizo zinazokulisha."

Kigiza kilipoingia wakatoka uani. Fundi akachagua nyota moja nzuri, nyekundu kidogo, juu ya mapaa. Wakapima. Baada ya kula wakapima tena. Vilevile. Kesho yake, vilevile.

"Baba, mwalimu alisema nyota zinasogea."

"Za wenzetu hizo. Yetu imetulia."

"Tumuulize mama?"

"Mama yako tangu lini anajua nyota?"

Wazazi walipokutana darasani, binti alimvuta baba yake shati asisimame. Akasimama. Akaeleza ugunduzi wake kwa madaha, akanyoosha kidole dirishani. Mwalimu akatazama huko, akakohoa.

"Mzee, pale si kwenye taa ya mnara wa simu?"

Darasa likaangua kicheko. Masikio ya fundi yakawaka moto. Akatafuta pa kujificha, akakosa. Hata viti vilikuwa vya watoto. Mwishowe naye akacheka.

"Ndiyo maana haisogei," akasema. "Wameikaza kwa spana."

"Lakini mmepima vizuri," mwalimu akamwambia. "Kila mara jibu lilelile. Mlichokosea ni cha kupima."

Jioni ile binti ndiye aliyechagua: nyota juu ya tangi la maji la jirani. Baba akachungulia, binti akasoma. Walipopima tena baadaye, nyota ilikuwa imeshuka. Fundi akamwita mkewe aje aone, utadhani ameisukuma yeye.

Mkewe akatazama, kisha akasema taratibu, "Na ule mnara ungeniuliza, baba watoto. Niliuona ukijengwa."

Fundi akarudisha jicho kwenye mrija, mpaka binti alipomgusa bega na kumwambia apishe, sasa ni zamu ya mama.